Kilowati 900 za mbali au 350 za karibu? Naomba ushauri wa kutathmini miradi miwili midogo ya umeme wa maji

Mtathmini wa Mikocheni (Jumatatu, saa 3:20 asubuhi)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninafanya kazi katika ofisi ya Dar es Salaam ya kampuni ndogo ya umeme inayohudumia mji mdogo mmoja na vijiji vinavyouzunguka, huko Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo gridi ya taifa haijafika. Umeme wetu wote kwa sasa unatoka kwenye jenereta za dizeli. Dizeli hiyo hupakiwa Kurasini na kusafirishwa kwa malori hadi kwenye matangi yetu, na wakati wa masika safari huweza kuchukua siku nne kwa sababu kipande cha mwisho cha barabara ni cha udongo. Mwezi Machi mwaka huu lori lilikwama, tukalazimika kuzima mji mzima usiku kwa siku mbili, zahanati ikiwamo. Tangu hapo nimeamini kwamba hatuwezi kuendelea kutegemea barabara ile.

Tunayo mito miwili inayofaa. Kwa siku ya kawaida wateja wetu hutumia takriban uniti 7,000 (uniti moja ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja). Kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri mzigo hushuka hadi kilowati 140. Kuanzia alfajiri hadi saa 12 jioni mashine za kusaga na kukoboa, mafundi wa kuchomelea na ofisi huupandisha hadi wastani wa kilowati 270. Na kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku wastani ni kilowati 530, huku kilele kikigusa 620 mnamo saa 2 usiku.

Mto wa kwanza, nitakaouita A, una anguko (kimo ambacho maji hushuka hadi kwenye mtambo) la mita 120, na mshauri mwelekezi amependekeza mtambo wa kilowati 900 utakaotumia lita 1,000 za maji kwa sekunde. Uko kilomita 31 kutoka mjini. Kwa nusu ya mwaka maji yanatosha kuendesha mtambo wote, kwa miezi mitatu yanatosha kilowati 350 tu, na katika miezi mitatu ya mwisho wa kiangazi mto hubaki na lita 180 kwa sekunde, yaani kilowati 160 hivi. Mto wa pili, B, una anguko la mita 62 na mtambo unaopendekezwa ni wa kilowati 350, kwa lita 750 kwa sekunde. Uko kilomita 9 tu. Huo hutoka kwenye msitu wa asili na ardhi oevu, kwa hiyo hata mwisho wa kiangazi hubaki na lita 520, ambazo ni kama kilowati 235.

Upembuzi yakinifu unasema kwamba A utazalisha takriban uniti milioni 5.05 kwa mwaka na B uniti milioni 2.8. Gharama ya kujenga A ni mara 1.6 ya gharama ya B. Ukigawanya gharama kwa uniti, A unaonekana nafuu, na ukigawanya kwa kilowati, unaonekana nafuu zaidi. Wakuu wangu wameuelekea A. Mimi nimetakiwa kuandika tathmini ya mwisho kabla bodi haijakutana, na nina wasiwasi ambao sijaweza kuueleza kwa hesabu. Naomba kujua: je, kulinganisha gharama kwa kila uniti inayozalishwa ndiyo njia sahihi kwa kampuni iliyojitenga kama yetu?

---

Mpimamaji wa Kimara (Jumatatu, saa 5:05 asubuhi)

Ndugu Mtathmini, swali lako ni zuri, lakini kabla ya hesabu ya fedha naomba turudi mtoni, kwa sababu nguvu ya mtambo huhesabiwa kwa kuzidisha 9.81 kwa mita za ujazo za maji kwa sekunde, kwa mita za anguko, kisha kwa ufanisi wa mitambo. Kwa A, 9.81 × 1 × 120 ni 1,177, na ukichukua ufanisi wa asilimia 78 unapata kilowati 918; hesabu ya mshauri wenu ni sahihi. Anguko huwa halileti ugomvi, kwa kuwa mpima ardhi akishalipima limepimwa. Maji ndiyo yanayoaibisha watu.

Swali langu la kwanza ni hili: lita 180 na lita 520 zilipimwa lini, na mara ngapi? Nimesoma ripoti nyingi ambamo mto ulipimwa mara moja tu, mwezi Mei, wakati gari linafika kwa urahisi na mto ungali umejaa, kisha maji ya kiangazi yakakadiriwa mezani kwa kulinganisha na mto mwingine wenye bonde kubwa zaidi. Huko mnakofanyia kazi mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mto huendelea kupungua karibu nusu mwaka mzima, na kipimo chenye thamani kuliko vyote ni cha mwishoni mwa Oktoba hadi mvua ya kwanza. Kwenye vijito vya milimani vyenye mawe mengi mimi hutumia njia ya chumvi: unayeyusha chumvi ya mezani iliyopimwa kwenye ndoo, unaimwaga juu ambapo maji yanachanganyika vizuri, na chini mwenzako anasoma kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme kila baada ya sekunde tano hadi chumvi yote ipite. Ni kazi ya nusu saa, nayo haihitaji gharama kubwa.

Kisha simika ubao wa kipimo uliochorwa sentimita, umtafute mtu wa kijijini wa kuusoma asubuhi na jioni, na umlipe kila mwezi bila kuchelewa. Nasisitiza malipo kwa sababu nimewahi kufungua daftari la namna hiyo nikakuta siku 19 mfululizo zenye tarakimu ileile, 43, asubuhi na jioni, katika mwezi ambao mvua ilinyesha. Msomaji alikuwa hajalipwa tangu Krismasi, naye alikuwa na shamba la kupalilia. Mwaka mmoja wa vipimo vya kweli, ukiuoanisha na kumbukumbu ndefu za mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa na vipimo vya Bodi ya Maji ya Bonde lenu, utakupa picha ya miaka mingi, ikiwamo ile mibaya. Msisahau kwamba Oktoba 2015 vituo vikubwa vya maji nchini vilizimwa kwa kukosa maji. Kijito kidogo hakiwezi kudai kuwa na subira kuliko bwawa la Mtera.

Jambo la pili: si maji yote ya mto ni yenu. Kuna wakulima wa vinyungu (bustani za mabondeni) juu ya banio, yaani kizuizi kinachoyachepusha maji kwenda mtamboni, ambao humwagilia mboga na mahindi mabichi katika miezi ileile ambayo nyinyi mna maji machache. Wako pale tangu enzi za babu zao, na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Bonde kitawatambua. Kuna pia maji ambayo lazima yaendelee kupita mtoni kati ya banio na kituo. Kihansi ilitufundisha jambo hili kwa gharama kubwa: kituo cha megawati 180 kilipoanza kazi mwaka 2000 na maji ya maporomoko yakapelekwa kwenye handaki, ule ukungu wa maji uliokuwa ukimtunza chura wa Kihansi ulipungua, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini, waliobaki wakiwa wanatunzwa nchini Marekani. Kwa mfano tu, chukulia kwamba mtatakiwa kuacha lita 60 kwa sekunde katika kila mto. Mto A utabaki na lita 120, ambazo ni kilowati 106, hazitoshi hata mzigo wenu wa usiku wa manane. Mto B utabaki na lita 460, yaani kilowati 210 hivi. Je, upembuzi yakinifu umetoa maji hayo au umeyahesabu kama umeme?

---

Mhandisi wa Ubungo (Jumatatu, saa 8:40 mchana)

Nakubaliana na Mpimamaji, na sasa naomba niingie kwenye swali lenyewe, kwa sababu wasiwasi wa Ndugu Mtathmini una msingi na unahesabika.

Mradi uliounganishwa na gridi ya taifa ukizalisha uniti, uniti hiyo ina mnunuzi, hata ikizalishwa saa 9 usiku. Ndiyo maana kituo cha Mwenga kule Mufindi, chenye megawati 4, kiliweza kujengwa kwa ukubwa ule ilhali vijiji vyake peke yake visingeumaliza umeme huo: ziada ina pa kwenda. Nyinyi hamna pa kuipeleka ziada. Maji yenu hayana bwawa la kuyahifadhi, kwa hiyo kilowati isiyotumika dakika hiyo hupita juu ya banio na kwenda zake. Kwa kampuni iliyojitenga, kinachostahili kuhesabiwa ni uniti za dizeli ambazo mradi unaziondoa, saa kwa saa, msimu kwa msimu. Uniti zinazozalishwa na uniti zinazotumika ni vitu viwili tofauti, na ripoti yenu imegawanya gharama kwa zile za kwanza.

Nimetumia tarakimu zako. Mzigo wa siku ni saa 6 kwa kilowati 140, saa 13 kwa 270 na saa 5 kwa 530, jumla uniti 7,000. Mto A ukijaa, unabeba mzigo wote: uniti 7,000 kwa siku, basi, hata kama una uwezo wa kutoa 21,600. Ukiwa na kilowati 350, unabeba usiku na mchana wote, lakini jioni unaishia 350, kwa hiyo siku hiyo unaondoa uniti 6,100. Ukiwa na kilowati 160, unabeba usiku wote, mchana unatoa 160 na jioni 160, jumla uniti 3,720. Zidisha kwa siku 182, 92 na 91, utapata takriban uniti milioni 2.17 kwa mwaka. Mto B nao hutoa 6,100 kwa siku 274, na 5,070 kwa siku 91 za kiangazi, jumla takriban milioni 2.13.

Tafadhali zitazame tarakimu hizo mbili pamoja. Mtambo wa kilowati 900 unawaondolea dizeli ya uniti elfu 41 tu zaidi kwa mwaka kuliko ule wa 350. Jenereta za ukubwa wenu hunywa kama lita 0.3 kwa uniti, kwa hiyo faida ya ziada ya A ni takriban lita 12,300 za dizeli kwa mwaka, kati ya lita 766,500 mnazochoma sasa. Kwa lita hizo mnaombwa kuongeza asilimia 60 ya gharama ya ujenzi na kujenga kilomita 22 zaidi za laini, ambayo nayo itapoteza umeme njiani na kuhitaji mtu wa kufyeka miti chini yake kila mwaka. Gharama ya A kwa kila uniti inayotumika ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya B. Hesabu hii haijatoa bado yale maji ya mazingira, ambayo yatamuumiza A zaidi.

Pingamizi la haki lipo, nami sitaki kulificha: mzigo unakua. Umeme ukiwa wa uhakika, watu hununua majokofu, vinu vinahama kutoka dizeli kwenda mota, na mzigo wa mwaka wa kumi hautafanana na wa leo. Lakini uliza unakua katika msimu upi. Ikiwa eneo lenu lina chai, majani huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, na kiwanda kinachohitaji umeme wakati huo kinaendana na mto A kabisa; mkiwa na mkataba wa kweli wa kiwanda cha namna hiyo, uliotiwa saini, hesabu nzima inabadilika na nitakuwa wa kwanza kusema jengeni A. Ikiwa eneo lenu lina kahawa, mavuno ni ya kiangazi, na mashine za kumenya kahawa zitakuja kudai umeme wakati mto A unakauka. Kwa hiyo andika hesabu mara tatu: mzigo wa leo, mzigo unaokua taratibu, na mzigo wenye mteja mkubwa anayejulikana kwa jina. Usiandike kiwango kilekile cha ukuaji kwa miaka yote 25 kwa sababu tu ripoti nyingine ziliandika hivyo.

Wenzetu wa mbali wanalijua jambo hili. Mji wa Cordova huko Alaska haujaunganishwa na mji mwingine wowote kwa barabara wala kwa laini ya umeme. Ushirika wake wa umeme una vituo viwili vya maji vinavyotegemea mtiririko wa mto, cha Power Creek chenye megawati 6 na cha Humpback Creek chenye megawati 1.25. Majira ya joto, ambayo kwao ndiyo wakati wa maji mengi, viwanda vya samaki vinafanya kazi, kwa hiyo mzigo na maji hukutana. Majira ya baridi vijito huganda na jenereta za dizeli hurudi kazini. Jambo ambalo halionekani kwenye upembuzi ni kwamba hata wakati wa maji mengi walilazimika kuyaelekeza pembeni maji yenye thamani ya nusu megawati hivi, ili mitambo iwe na akiba ya kuushika mzigo unaoruka ghafla. Walipofunga betri ya megawati 1 mwaka 2019, betri ikachukua kazi hiyo ya akiba na maji yale yakageuka umeme. Kwa hiyo katika tathmini yako ongeza safu ya tatu: B pamoja na betri ndogo au sola ya mchana ya kiangazi. Jua la Oktoba huko kwenu ni kali, na Oktoba ndiyo siku zenu za upungufu.

Mwisho, uliza aina ya mtambo. Ikiwa A umepangiwa mtambo mmoja aina ya Francis, kwa asilimia 18 ya maji yake mtambo huo hautafanya kazi inayoeleweka. Zile kilowati 160 za kiangazi zitakuwa za kwenye karatasi. Pelton yenye midomo kadhaa ya maji, au mitambo miwili isiyolingana ukubwa, hiyo itaweza.

---

Mama Hesabu, Ilala (Jumatatu, saa 12:15 jioni)

Nimekaa miaka mingi upande wa wakopeshaji, kwa hiyo nitaongeza yale tu ambayo hutufanya turudishe faili.

Kwanza, thamani ya uniti ya maji kwenu ni dizeli isiyochomwa, pamoja na usafiri wake na sehemu ya matengenezo ya jenereta inayotegemea saa za kazi. Si bei mnayomuuzia mteja. Nimeona mwombaji akihesabu mauzo yote ya umeme kama mapato ya mradi wa maji, ilhali mauzo hayo yangekuwapo hata bila mradi. Linganisha kampuni yenye mradi na kampuni isiyo na mradi, miaka yote, ukiacha ndani ya pande zote mbili jenereta ambazo lazima zibaki kwa ajili ya kilele cha jioni, kiangazi na matengenezo. Hakuna mradi kati ya hii miwili unaowaruhusu kuuza jenereta zote.

Pili, mkopo wa fedha za kigeni unalipwa kwa shilingi za wateja wenye LUKU. Fanya hesabu ya shilingi kushuka. Fanya pia hesabu ya ujenzi kuchelewa mwaka mmoja, kwa sababu msimu mmoja wa mvua ukikukuta banio halijakamilika, mafuriko huondoka na kazi ya miezi. Mradi wa B ni mdogo, na kwa mkopeshaji mradi mdogo unaojaa kazi kuanzia siku ya kwanza una usalama kuliko mkubwa unaosubiri wateja.

Tatu, na hili ndilo zito: gridi ya taifa itakapofika mtafanya nini? Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga kituo cha Tulila, megawati 5, kwenye Mto Ruvuma, kikaanza mwaka 2015 kuilisha Songea, ambayo wakati huo ilikuwa inategemea jenereta za dizeli. Mwaka 2018 laini ya Makambako hadi Songea ikafika. Kwa wananchi hiyo ilikuwa habari njema kabisa, na kituo kama kile kinaendelea kuuza umeme, lakini kwa mtathmini maana yake ni kwamba dizeli unayoiokoa inaweza kutoweka kwenye hesabu katika mwaka wa tatu. Utaratibu wa wazalishaji wadogo hapa nchini uliweka bei tofauti za kuuzia umeme kwenye gridi ya taifa na kwenye gridi ndogo zilizojitenga, kwa sababu hiyohiyo. Andika tathmini yenye mwaka wa gridi kufika: wa tano, wa kumi, usiofika. Na laini pamoja na vifaa vya kuunganishia vijengwe tangu mwanzo kwa viwango vinavyokubalika na TANESCO, ili siku hiyo muunganishwe badala ya kung'olewa. Hapa ndipo A unapopata utetezi wake halali, kwa kuwa gridi ikifika, ziada yake ya masika itapata mnunuzi. Iweke wazi mbele ya bodi, kwa tarakimu, wasije wakasema uliificha.

---

Mzee wa Mitambo (Jumanne, saa 1:50 asubuhi)

Nimestaafu, nipo Mbagala kwa mwanangu, lakini nilikaa kwenye kituo kidogo cha maji kwa miaka 22. Hamjaulizana nani atakaa kule.

Mvua ya kwanza ya Novemba huleta majani yote ya kiangazi kwa usiku mmoja. Saa 8 usiku sauti ya mtambo inabadilika, inakuwa kama ya mtu anayekoroma, nawe unajua kwamba nondo za chujio kwenye banio zimeziba. Unavaa buti, unachukua reki na taa, unapanda hadi banioni kwa njia ya utelezi. Kituo kikiwa kilomita 31 kutoka mjini, wale vijana wawili mliowaacha kule wanahitaji nyumba inayokalika, redio, na chakula, la sivyo baada ya mwaka mmoja watahama, na mtabaki na mtambo usio na sikio la kuusikiliza. Hilo liwekwe kwenye gharama za kila mwaka.

La pili ni mchanga. Bwawa la kutulizia mchanga likifanywa dogo ili kupunguza gharama, mchanga hula vikombe vya mtambo polepole. Nilishawahi kufungua mtambo baada ya misimu mitatu, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe, ukanikata kama wembe. Chuma chenye unene wa kidole kilikuwa kimebaki ukingo mwembamba tu. Kipuri kilichukua miezi saba kufika kutoka Ulaya, na miezi hiyo yote tulichoma dizeli. Kwa hiyo ulizeni ni mto upi una mashamba ya mteremkoni juu yake. Mto unaotoka msituni ni safi, na huo ni utajiri ambao mhandisi hauandiki kwenye karatasi.

La tatu, mtaa wa mafundi wa kuchomelea. Kwenye gridi ndogo, fundi akiwasha mashine, taa za mji mzima zinatingishika. Wekeni kidhibiti cha kielektroniki kinachopeleka umeme uliozidi kwenye hita za maji ili mwendo wa mtambo ubaki kwenye hezi 50, na maji hayo ya moto yapelekeni zahanati kama iko karibu. Sisi tulifanya hivyo, na wauguzi walitushukuru kila siku.

---

Mtathmini wa Mikocheni (Jumanne, saa 4:30 asubuhi)

Shikamoo Mzee wa Mitambo, na asanteni nyote. Sikutarajia kusaidiwa kiasi hiki.

Nimerudia hesabu ya Mhandisi kwa kumbukumbu zetu za jenereta za saa kwa saa za mwaka jana badala ya wastani, na tofauti kati ya A na B imebaki ndogo vilevile. Nimempigia simu mshauri mwelekezi. Amethibitisha kwamba mito yote miwili ilipimwa mwezi Mei na mara moja Agosti, kwamba maji ya mazingira hayajatolewa, na kwamba A ulipangiwa mtambo mmoja wa Francis. Eneo letu ni la kahawa. Kiwanda cha chai kilichotajwa kwenye ripoti kipo kilomita 60 kutoka A, na hakuna barua yoyote kutoka kwao.

Nitapendekeza kwa bodi kwamba tuendelee na B, wenye mitambo miwili, na laini ya kilovolti 33 ya viwango vya gridi. Kwamba uamuzi wa mwisho wa ukubwa usubiri vipimo vya kiangazi kimoja. Na kwamba tuombe sasa kibali cha maji cha B pamoja na kuanza taratibu za cheti cha mazingira cha NEMC, kwa kuwa hizo huchukua muda. Kwa A nitaomba fedha za ubao wa kipimo na msomaji tu, ili ikiwa gridi itakaribia, tuwe na kumbukumbu za miaka kadhaa mkononi. Nitaambatisha hesabu ya mwaka wa gridi kama Mama Hesabu alivyoelekeza, ikiwamo ile inayoutetea A.

Nina swali moja lililobaki kwa Mpimamaji: ubao wa kipimo usimikwe banioni au chini zaidi?

---

Mpimamaji wa Kimara (Jumanne, saa 5:10 asubuhi)

Juu ya mahali panapopangiwa banio, kwenye kidimbwi kilichotulia chenye mwamba chini yake mara tu baada ya kidimbwi, ili kimo cha maji kisibadilike kwa sababu ya mchanga kuhama. Ufunge kwenye mwamba kwa boliti, si kwenye mti. Pima kwa chumvi angalau mara nane katika vimo tofauti vya maji, mafuriko yakiwamo, ndipo sentimita za ubao zitakapogeuka kuwa lita. Na kabla ya kurudi Dar, kaa na msomaji wako siku mbili nzima, msome pamoja, na umwachie malipo ya mwezi wa kwanza mkononi.